Mbegha na Nyumba Yake: Habari za Mwindaji Aliyepokewa na Wakulima wa Usambara

Mtu asimamaye Mombo na kuinua macho yake huiona milima ya Usambara imesimama mbele yake kama ukuta. Chini alipo ni nchi ya joto na vumbi, nchi ya mashamba ya mkonge, na ya reli iliyofika hapo kutoka Tanga mwaka 1905. Juu ya ukuta ule ni nchi nyingine kabisa: ukungu wa asubuhi, migomba, vijito vya maji, na baridi imfanyayo mgeni wa pwani atafute blanketi. Barabara ipandayo kwenda Soni na Lushoto hupinda huku na huku ubavuni mwa mlima, na kwa mwendo wa maili ishirini hivi msafiri ametoka katika nchi moja akaingia katika nyingine.

Wasambaa wenyewe wamezipa nchi hizi majina mawili. Ya juu ni Shambaai, na ya chini ni nyika. Vitabu vya zamani huandika Shambala, na tofauti hiyo si kosa la wapiga chapa. Yatokana na desturi ya Kisambaa ya kuiacha sauti ya l ikaapo baina ya irabu mbili. Basi mwalimu akutanapo na maandiko yote mawili ajue ya kuwa jina ni moja.

Katika milima hiyo iliyo juu ya Mombo, mahali panapoonekana karibu kwa macho lakini ni mbali kwa miguu, ndipo palipo Vugha, mji wa wafalme wa Kikilindi. Mzee wao wa kwanza ni Mbegha. Habari zake huhadithiwa na watoto wa Usambara kama hadithi ya uwindaji, na sisi wenyewe tuliifundisha hivyo miaka mingi, mpaka siku moja mtoto alipotuuliza darasani: “Mwalimu, wale watu walikuwa na mashamba yao na wazee wao. Mbona wakamfanya mgeni asiye na shamba kuwa mkubwa wao?” Hatukuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jibu letu, nasi twalileta kwa walimu wenzetu na mapadre, kwa kuwa swali lile ni zuri kuliko mafundisho yetu yalivyokuwa.

1. Nchi na wenyeji wake

Kabla ya Mbegha milima ile haikuwa pori tupu. Wenyeji walikuwamo, nao walikuwa wakulima. Waliishi kwa koo, kila ukoo na mzee wake na matambiko yake, wala hapakuwa na mfalme mmoja juu ya wote. Chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi, pamoja na nafaka, maharage na magimbi mabondeni. Wengi walipenda kujenga karibu na ukingo wa mlima, na sababu yake ni ya akili: akaaye ukingoni aweza kulima juu na kulima chini. Mvua ikikosekana nyikani, migomba ya juu humlisha. Nyika ikipata mvua njema, hupata nafaka nyingi. Kukaa mpakani ilikuwa ni bima ya mkulima.

Lakini mpaka una hatari zake. Wasambaa waliiogopa nyika kwa homa zake na njaa yake, na kutoka msituni na nyikani walikuja nguruwe wa mwitu. Msomaji aliyezaliwa mjini huenda akacheka akisikia nguruwe wakitajwa katika mambo ya wafalme. Aliyekulia shambani hatacheka. Kundi moja la nguruwe laweza kula kwa usiku mmoja kazi ya miezi minne. Ndiyo maana wakulima hujenga dungu, wakalala humo wakiamka kila mara kupiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo. Na usiku ule mmoja walinzi wakishikwa na usingizi, basi nyumba nzima italia njaa. Asiyeufahamu ulinzi wa dunguni hawezi kufahamu habari za Mbegha.

2. Mtoto aliyekataliwa

Habari zenyewe ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Kilitolewa kwa sehemu na mitambo ya misheni ya Magila, miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20. Mwandishi huyu alikaa sana kati ya Wakilindi, akasikia kwa masikio yake yale waliyoyasimulia. Wanahistoria wa siku hizi humweka Mbegha katika karne ya 18. Hatuwezi kuyapima kila neno mapokeo yanayomhusu. Lakini twaweza kuuliza watu waliyahifadhi kwa sababu gani.

Yasemwa kwamba Mbegha alizaliwa Ngulu, kusini ya Usambara, katika watu walio ndugu kwa lugha na Wasambaa, Waziguha na Wabondei. Alipoota meno, ya juu yalitangulia. Mtoto wa namna hiyo huitwa kigego, na hapo kale katika makabila mengi ya nchi hizi kigego alihesabiwa kuwa mkosi: watu waliamini kuwa akiishi atawamaliza jamaa zake. Wengi wa watoto hao hawakuachwa waishi. Wazazi wa Mbegha walimpenda wakamficha, akakua, akawa kijana hodari wa kuwinda. Lakini wazazi walipokufa, jamaa walimnyima urithi wake. Kila kifo kilichotokea katika ukoo kilihesabiwa juu ya meno yake.

Akaondoka Ngulu na mbwa wake na mikuki yake, akakaa Kilindi, ambako jina la ukoo wake limetoka. Huko akafanya urafiki na mwana wa mkubwa wa nchi. Siku moja walikwenda kuwinda pamoja, nguruwe akamwua yule kijana. Mbegha akaona ya kuwa hakuna atakayemsikiliza, maana neno la kigego lingemfuata tena. Akakimbia na wenzake, akapita Zirai, mwisho akapanda katika milima ya Usambara.

Tuwaombe wasomaji wasipite mbio mahali hapa. Mzee wa nyumba ya wafalme angeweza kusimuliwa kuwa alizaliwa na mfalme mwingine, au kwamba alikuja na jeshi kubwa. Wakilindi hawakusimulia hivyo. Walisema babu yetu alikuwa mtoto ambaye kwa desturi asingeachwa aishi. Alinyimwa mali na jamaa zake. Alikimbia kwa tuhuma ya damu. Waliosimulia hivyo vizazi kwa vizazi walikuwa na sababu, nasi tutaifikia.

3. Nyama na chakula

Mbegha na wenzake walikaa porini milimani, wakalala pangoni na katika vibanda vya miti. Nyama walikuwa nayo tele. Lakini mtu hawezi kuishi kwa nyama peke yake. Wenyeji wakaona moshi wa moto wao, wakaenda kutazama, wakamkuta mgeni ana nyama asiyoweza kuimaliza wala hana hata ndizi moja. Wao walikuwa na chakula, lakini kitoweo kilikuwa haba. Wakabadilishana: hawa wakapewa nyama, yule akapewa chakula.

Hapa lugha yenyewe yatufundisha. Katika Kiswahili twatenga chakula na kitoweo. Chakula ni ule ugali, ndizi au wali ushibishao. Kitoweo ni kile kinachotowelewa nacho. Chakula bila kitoweo hakipiti kooni. Kitoweo bila chakula hakishibishi. Basi Mbegha na wakulima walikutana kama vitu hivyo viwili, kila mmoja akiwa amepungukiwa na alichonacho mwenzake. Hakuwateka kwa vita, wala wao hawakumwonea huruma tu. Walihitajiana.

Kisha wakulima waligundua faida iliyo kubwa kuliko nyama. Mahali alipowinda Mbegha, nguruwe walipungua. Mbwa wake, na hasa yule mkubwa aliyeitwa Chamfumu, walifanya kwa siku moja ambayo madungu hayakuyafanya kwa mwezi. Watu wakalala usiku. Sifa yake ikaenda kijiji kwa kijiji, hata watu wa Bumbuli wakamwita akae kwao. Akawaondolea nguruwe, akawagawia nyama, na kwa kuwa hakuwa wa ukoo wowote wa pale, watu waliogombana walimletea mashauri yao awaamue. Twaona jambo la ajabu: yale yale yaliyomwondoa kwao, kutokuwa na jamaa na kutokuwa na urithi, ndiyo yaliyomfanya afae kuwa mwamuzi. Asiye na shamba hana mpaka wa kugombea.

Ndipo watu wa Vugha wakaja kumtaka. Yasimuliwa kwamba njiani simba aliwatokea, Mbegha akamwua. Na tangu siku hiyo mfalme wa Vugha huitwa Simba, au kwa ukamilifu Simba Mwene. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama kuna mahali palipotimiza methali hii zaidi ya hapo.

4. Wake na wajomba

Mgeni haachi ugeni wake kwa kupewa nyumba tu. Huuacha kwa kuoa na kuzaa. Mbegha alipewa wake na koo za wenyeji, na mapokeo humtaja hasa mke wa Bumbuli, aliyemzalia mwana jina lake Buge. Mtoto huyu alikulia Bumbuli kwa wajomba zake, akawekwa kuwa mkubwa wa huko angali kijana.

Jambo hili si dogo. Kwa baba Buge alikuwa Mkilindi, mwana wa mwindaji aliyekuja. Kwa mama alikuwa mtoto wa mashamba na migomba. Wajomba waliomlea ndio walimtegemeza. Na kama angewadhulumu wakulima, angewadhulumu wajomba zake mwenyewe. Desturi hii iliendelea: wana wa nyumba ya Mbegha waliwekwa kuwa mazumbe katika nchi mbalimbali, wakitegemea jamaa za mama zao. Kwa njia hii nyumba ngeni ikafungwa na wenyeji kwa kamba nyingi, na katika vizazi vichache Wakilindi wakawa Wasambaa kwa lugha na kwa desturi, wakabaki na jina lao tu la kukumbusha walikotoka.

Mbegha alipougua, wazee wachache tu walijua. Alipokufa, kifo chake kilifichwa, akazikwa kwa siri, na wajumbe wakaenda Bumbuli kumleta Buge usiku. Watu wa Vugha walipopata habari ya msiba walikuta mfalme mpya amekwisha kuketi. Nchi haikukaa hata siku moja bila Simba. Sababu ya siri hii twaiona katika maneno ya Kisambaa tunayoyataja sasa.

5. Maneno mawili ya nchi

Wasambaa wana usemi kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu nchi. Neno shi ni ndugu wa neno letu nchi. Mfalme aliyeshika nguvu peke yake, asiye na mshindani, alihesabiwa kuwa aiponya nchi: mvua hunyesha kwa wakati wake, migomba huzaa, watu hushiba. Lakini wakubwa wawili wakishindana, wasemao husema ni nguvu kwa nguvu, na hapo nchi huharibika, mvua hukataa, njaa huingia.

Msomaji wa leo atasema kwamba mvua haiangalii kiti cha mfalme. Ni kweli. Walakini tutazame kwa makini kabla ya kuyatupa maneno haya. Wakubwa wakipigana, vijana huacha mashamba na kushika silaha, watu hukimbia mashamba ya nyikani na kujificha milimani, akiba huporwa, aliye mpakani hawezi tena kulima juu na chini. Mwaka ule ule mvua ikipungua kidogo, upungufu ambao wakati wa amani ungevumilika huwa njaa ya kuua. Basi nguvu kwa nguvu haizuii mawingu, bali huondoa bima ya mkulima. Wazee waliona jambo la kweli, wakalisema kwa lugha ya kwao.

6. Agano lilivyojaribiwa

Nyumba ya Mbegha ilifika kilele chake katika Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala miaka mingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mmisionari J. L. Krapf alifika kwake mwaka 1848, akarudi mwaka 1852, na enzi ya Vugha ilisikiwa wakati huo hata karibu na pwani. Kimweri aliwaweka wanawe wengi kuwa mazumbe. Alipokufa mwaka 1862, aliyerithi ni mjukuu wake, Shekulwavu, na baba zake wadogo walikuwa watu wenye nguvu kumpita yeye.

Mmoja wao, Semboja, alikaa Mazinde. Wasomaji watazame mahali pale katika ramani: Mazinde ni chini, nyikani, karibu na Mombo, njiani pa misafara ya biashara. Babu yake mwindaji alipanda mlima akitafuta wakulima. Mjukuu alishuka akitafuta bunduki na baruti. Nguvu yake haikutoka tena katika migomba ya wajomba bali katika biashara, na sehemu ya biashara ile ilikuwa watu. Miaka michache baada ya 1862 alimfukuza Shekulwavu Vugha. Wabondei nao wakawaasi Wakilindi. Tangu hapo hata Wajerumani walipoishika nchi, palikuwa nguvu kwa nguvu kweli kweli, na wengi wa wale ambao Mbegha aliitwa awalinde, watoto na wajukuu wa wakulima, walikamatwa wakauzwa kwenda pwani. Nguruwe wa mwitu hawakupata kuharibu shamba namna hiyo.

Hata katika siku za karibu zaidi agano lile lilijaribiwa. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianza mpango wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, na wakulima walitakiwa kujenga matuta katika mashamba ya mteremkoni. Hatari ya mmomonyoko ilikuwa ya kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito, mavuno yake hayakuonekana upesi, na waliotumwa kuwasukuma watu walikuwa machifu wao wenyewe. Watu wakakasirika, wala si kwa matuta peke yake. Waliuliza kama mkubwa awekwaye ili kulilinda shamba ana haki ya kuligeuza shamba kuwa adhabu. Mpango uliachwa kabla ya uhuru wa 1961, na mwaka 1963 utawala wa machifu wenyewe ukakoma katika Tanganyika.

7. Jibu la swali

Sasa twaweza kumjibu mtoto. Kwanza yatupasa kukiri kwamba hadithi hii imetoka katika nyumba ya wafalme, na hadithi ya nyumba ya wafalme huipendeza nyumba hiyo. Huenda si koo zote zilizompokea mgeni kwa furaha. Huenda wako waliopoteza matambiko yao na heshima yao, wala sauti yao haikuandikwa. Mwalimu asiwafiche wanafunzi wake jambo hili.

Lakini angalia neno moja. Kwa kusimulia hivyo Wakilindi walijifunga wenyewe. Hawakusema, “Twatawala kwa kuwa tulishinda vitani.” Walisema, “Twatawala kwa kuwa babu yetu alikuwa na njaa mkamlisha, nanyi mlikuwa na nguruwe akawaondolea.” Asemaye hivyo amewapa watu mizani ya kumpimia. Kila mkulima aliyeisikia hadithi hiyo jioni penye moto aliweza kuuliza asubuhi: je, huyu tuliye naye leo huwafukuza nguruwe, au yeye ndiye nguruwe? Twadhani ndiyo sababu hadithi imedumu, hata sasa ambapo hakuna mfalme wa kuipenda.

Basi wakulima walimpokea mgeni asiye na shamba kwa kuwa aliwalindia mashamba yao, na kwa kuwa asiye na ukoo angeweza kuwaamua wenye koo. Nao hawakumpa nchi bure: walimwoza binti zao, wakalea wanawe, wakaweka agano ndani ya damu.

Na lipo neno la mwisho, ambalo sisi tulio walimu na wachungaji twapaswa kuliweka moyoni kuliko mengine. Habari zote hizi, Vugha na Bumbuli, Buge na Kimweri, zasimama juu ya tendo moja dogo lililofanyika Ngulu: baba na mama waliotazama meno ya mtoto wao, wakajua desturi yataka nini, wakamficha. Mapokeo hayakuhifadhi majina yao kwa sifa kama ya mwana wao. Lakini tukifundisha habari za Mbegha, na tuanze na hao wawili.